Makaburu wa Eldoret na ukoo wa Van Rensburg: ni Waholanzi kweli au tulidanganywa?

#1 Sergoit Mmoja
Wakuu, hamjambo.

Huku kwetu Uasin Gishu kila mzee atakuambia walowezi wa kwanza walikuwa Makaburu, na kwamba Makaburu ni Waholanzi wa Afrika Kusini. Shuleni tulifundishwa hivyo hivyo. Mimi nasema si kweli, angalau kwa kiongozi wao, Jan Janse van Rensburg, aliyewaleta 1908.

Juzi alifika hapa mgeni kutoka Pretoria, mzee wa makamo, anatafuta lilipokuwa shamba la babu wa babu yake. Alikuwa na karatasi ya ukoo aliyoikunja mara nane, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Juu kabisa imeandikwa Claas Jansz van Rensburg, Rasi ya Tumaini Jema, mwanzoni mwa karne ya 18. Pembeni yake kwa kalamu ya risasi: Rendsburg, Holstein. Nimeangalia ramani, Holstein iko Ujerumani kaskazini. Sasa Uholanzi imeingilia wapi?

Halafu kila jina kwenye karatasi lina namba za ajabu mbele yake. Huyo babu wa Eldoret ameandikiwa b3c1d5e8f2g4. Nilidhani ni namba ya shamba. Mgeni alikuwa na haraka ya kuwahi ndege, aliniachia nakala akaondoka. Anayejua mambo haya aseme.

#2 Kabwela
Naweka kiti mbele kabisa. Chai iko jikoni, mjihudumie.

#3 Ngarenaro
Mkuu #1 hoja nzuri, ila kwenye "walowezi wa kwanza" hapo umechapia. Ndugu wa Van Breda walishafika kwenye uwanda huo tangu 1903, miaka mitano kabla ya Van Rensburg. Na usisahau sisi wa Arusha. Baada ya vita vya Makaburu na Mwingereza kwisha 1902, kuna familia zilizokataa kuishi chini ya bendera ya Malkia, au ya Mfalme kwa wakati ule, zikaja kwa Mjerumani. Kuanzia 1904 hivi walipewa ardhi pande za Meru na Oldonyo Sambu. Hawakuelewana sana na Mjerumani, wengi wakavuka kuja kwenu Kenya. Kwa hiyo si wote wa Eldoret waliotoka kwenye meli ya Van Rensburg.

Babu yangu mzaa mama aliendesha mikokoteni ya ng'ombe kwa mmoja wao. Alikuwa akisema yule Kaburu alijua kusoma kitabu kimoja tu, Biblia, na kurasa za mwanzo za Biblia hiyo ndimo alimoandika watoto wake wote na siku walizozaliwa. Sergoit, muulize mgeni wako kama Biblia ya familia ipo. Hiyo ina thamani kuliko karatasi ya kukunja.

#4 Binti Leiden
Salamu kutoka Leiden. Ngoja niwaeleze majina yalivyokuwa yanafanya kazi, maana hapo ndipo watu wengi hupotea.

Miaka hiyo ya 1600 na mwanzoni mwa 1700, mtu wa kawaida wa Uholanzi au Ujerumani kaskazini hakuwa na haja ya jina la ukoo. Jansz ni Janszoon limefupishwa, yaani mwana wa Jan. Claas ni Nicolaas. Kwa hiyo huyo bwana ni Nikolasi mwana wa Yohana, na wa jina hilo walijaa kila bandari. Anapojiandikisha kwenye Kampuni ya India Mashariki, ile VOC, karani lazima aulize: Claas Jansz wa wapi? Anajibu, wa Rensburg. Karani anaandika alivyosikia.

Angebaki Amsterdam, huenda watoto wake wangeitwa Claasz, wana wa Claas, na "van Rensburg" ikafia hapo. Kule Rasi ikaganda. Wajukuu ambao hawajawahi kuiona Ulaya wakaendelea kuitwa Janse van Rensburg, wakati baba yao hakuwa Jan wala hakutoka Rensburg. Hapa Uholanzi serikali ya Napoleon ililazimisha kila mtu aandikishe jina la ukoo 1811. Rasi ilikuwa mikononi mwa Mwingereza tangu 1806, kwa hiyo amri hiyo haikuwafikia, na wala hawakuihitaji.

Sasa kuhusu mji. Karibu na hapa ninapokaa kuna Rijnsburg. Karani mwenye usingizi, askari mwenye lafudhi nzito... mimi siapi, ila kabla hamjampeleka Claas Ujerumani, mjue mji wenye jina linalokaribiana upo huku huku Uholanzi.

#5 Jembe Butu
Dada #4 umetufungulia mlango ukaufunga mwenyewe. Kumbe ni karani mwenye usingizi ndiye aliyeandika historia ya Eldoret 😂

Mimi naona mnapoteza muda. Mtu akizungumza lugha iliyotoka Uholanzi, akasali kanisa la Uholanzi, akaja na kampuni ya Uholanzi, ni Mholanzi. Babu yangu alizaliwa Burundi, mimi ni Mha wa Kigoma. Nani ataniambia mimi si Mha?

#6 Mwalimu Kipara
Sergoit, hizo namba si za shamba. Ni mfumo wa wanasaba wa Afrika Kusini, ulioanzia kwa Christoffel de Villiers. Kitabu chake cha familia za kale za Rasi kilichapishwa 1893 na 1894, yeye akiwa ameshafariki, na Cornelis Pama akaja kukipanua katika karne ya 20. Ndiyo maana unaitwa mfumo wa De Villiers na Pama.

Unasomwa hivi. Yule wa kwanza kufika Afrika ni a. Watoto wake ni b: b1 kifungua mimba, b2 anayefuata. Wajukuu ni c, vitukuu d, na kuendelea. Kwa hiyo b3c1d5e8f2g4 ni mtoto wa nne, wa mtoto wa pili, wa mtoto wa nane, wa mtoto wa tano, wa mtoto wa kwanza, wa mtoto wa tatu wa Claas. Ni kizazi cha saba ukimhesabu Claas mwenyewe. Ukichukua miaka thelathini kwa kizazi, kutoka mtu aliyezaliwa karibu na 1690 unapata mtu aliyezaliwa kati ya 1860 na 1880. Huyo mwaka 1908 ana nguvu za kutosha kupanda meli na mke na watoto. Hesabu inakaa.

Jembe Butu #5, usiwe na haraka. Swali la Sergoit ni asili ya ukoo. Uraia ni habari nyingine.

#7 Kabwela
e8! Mtoto wa nane na bado ukoo unaendelea. Hawa watu hawakuwa na mchezo.

#8 Wa Githunguri
Kabwela, nane ni wachache. Kule bara la Rasi familia ya watoto kumi au kumi na wawili ilikuwa ya kawaida, ndiyo maana ukoo mmoja ulijaza nchi.

Mimi nimevutiwa na jambo lingine. Nilisoma kwamba Makaburu wana utaratibu wa kuwapa watoto majina. Mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Hiyo ni sisi kabisa! Kwa Wakikuyu binti wa kwanza ni wa nyanya mzaa baba. Makaburu wanageuza hapo, binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa mama. Sergoit hebu tazama karatasi yako, wazaliwa wa kwanza wanaitwaje?

#9 Sergoit Mmoja
@Wa Githunguri umenishtua. Nimeifungua tena. Nicolaas, Jan, Nicolaas, halafu Willem ameingia, halafu Nicolaas tena. Sasa huyu Willem ni mwana wa pili au ni wa kwanza aliyechukua jina la upande wa mama? Karatasi inaonyesha wanaume tu. Wake wameandikwa jina moja moja, wengine hawapo kabisa.

@Mwalimu Kipara asante sana.

#10 Mama Tatu
Ndiyo mambo yenyewe hayo. Mnafuata ndevu tu. Claas peke yake alizaa? Kizazi cha saba, huyo bwana wa Eldoret ana mababu na mabibi 64 wa ngazi hiyo. Claas ni mmoja kati ya 64, na huyo mmoja ndiye mnayetaka atuambie kama mtu ni Mholanzi au Mjerumani.

#11 Kabwela
Sitini na nne! Sisibo yenyewe hiyo! Mama Tatu umemaliza uzi 😂😂

(Kwa wasiojua: Eldoret ya zamani ilikuwa shamba namba 64, wazee wakaita Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja 1912.)

#12 Mwalimu Kipara
Mama Tatu yuko sahihi, na bahati nzuri mwanamke wa Rasi hapotei kirahisi kama wa Uingereza. Kwa sheria na desturi za Kiholanzi, kwenye daftari la ubatizo, kwenye mirathi na kwenye taarifa za kifo, aliandikwa kwa jina alilozaliwa nalo hata kama ameolewa mara tatu. Na wengi waliolewa mara tatu, maana mjane mwenye shamba hakukaa miezi mingi bila posa.

Sasa takwimu. Mwaka 1902 Mholanzi mmoja, Colenbrander, alikokotoa asili ya Makaburu akapata Uholanzi asilimia 50, Ujerumani 27, Ufaransa 17. Mwaka 1971 J. A. Heese akarudia kazi kwa rejista nyingi zaidi akapata Uholanzi karibu 35, Ujerumani karibu 34, Ufaransa 13 na ushei, na wasio Wazungu karibu 7. Hiyo 7 iliwaudhi watu wengi wakati ule wa ubaguzi.

Paul Kruger, rais wa Transvaal, babu yake wa kwanza Afrika ni Jacob Krüger, Mjerumani kutoka Brandenburg aliyekuja 1713 kama askari wa VOC. Botha, ukoo wa Louis Botha yule jenerali wa Makaburu, ulianza na Friedrich Botha wa Thuringia. De Villiers mwenyewe aliyetunga mfumo wa namba ni Mfaransa kwa asili, wale Waprotestanti waliokimbia na kufika Rasi karibu na 1688. Sasa Jembe Butu, hao nao Waholanzi?

#13 Jembe Butu
Ndiyo. Kwa nini wasiwe? VOC ilipeleka Asia karibu watu milioni moja katika miaka karibu mia mbili, na karibu nusu hawakuzaliwa Uholanzi. Kampuni haikuuliza mama yako ni nani. Ukifika Rasi unataka ardhi, unataka kuoa, lazima usali kanisa lao na uzungumze lugha yao. Wale Wafaransa baada ya vizazi viwili vitatu walikuwa wameshasahau Kifaransa. Mwalimu umenisaidia mimi bila kujua.

#14 Ngarenaro
Jembe leo lina makali.

#15 Mpwani
Assalaam aleikum wanajamvi.

Mnazungumza Ulaya tu. Hiyo asilimia 7 ya Mwalimu hakuna aliyeifungua. Ukoo mkubwa wa Rasi ukiufuata upande wa kike, hufiki mbali kabla hujakutana na mwanamke aliyeandikwa "van Bengalen" au "van de Kaap". Van Bengalen huyo ni mtumwa aliyeletwa kutoka Bengal, Angela ndiye maarufu, akaja kuachwa huru, akaolewa na Arnoldus Basson, na ukoo wa Basson ukaanzia hapo. Van de Kaap ni aliyezaliwa utumwani pale pale Rasi. Mtu wa leo akiona "van" mbele anafurahi, anadhani amepata bibi mtukufu wa Uholanzi!

Kuna Krotoa pia, binti wa Wakhoi, wenyeji wa Rasi, aliyekuwa mkalimani wa Jan van Riebeeck, mkuu wa kwanza wa kampuni pale. Aliolewa 1664 na daktari wa kampuni anayeitwa Pieter van Meerhof. Jina la Kiholanzi, lakini mtu mwenyewe Mdenishi wa Copenhagen. Binti yao Pieternella aliolewa na Daniel Zaaiman, na kizazi chao kimejaa hadi leo.

Na gavana Simon van der Stel, ambaye Stellenbosch imepewa jina lake? Alizaliwa Mauritius, au melini karibu nayo, 1639, na bibi yake mzaa mama alikuwa mwanamke wa Kihindi. Huyo ndiye aliyewatawala Waholanzi wa Rasi.

Sasa mpaka kwetu. Watumwa kama 63,000 waliingizwa Rasi kati ya 1652 na 1808: India, visiwa vya Indonesia, Madagaska na bara letu, karibu robo kila upande. Kati ya 1776 na 1778 meli za VOC zilikuja hadi pwani ya Waswahili kununua watu, na kumbukumbu za safari zao zipo. Kwa hiyo inawezekana kabisa Kaburu aliyeshuka Mombasa 1908 alikuwa anapita nyumbani kwa bibi yake bila kujua.

#16 Wa Githunguri
#15 umefunga mtaa.

#17 Jembe Butu
Mpwani hapo mwishoni umeongeza chumvi. Wengi wa watumwa wa bara letu walitoka Msumbiji, na walikuja kwa wingi mwishoni, nyuma ya 1770. Wakati huo koo kubwa za Makaburu zilishajijenga na kuhamia bara. Nani alimwoa nani, rejista zitasema, siyo wewe.

#18 Mpwani
Nimesema "inawezekana". Soma tena, shekhe.

#19 Daktari wa Kata
Nimechelewa, zamu.

Rejista hazisemi kila kitu, na vinasaba navyo vina la kusema. Utafiti uliochapishwa 2020 uliwapima Makaburu 77 na kupata kwamba kwa wastani asilimia 4.7 ya asili yao si ya Ulaya: sehemu kubwa ni Asia Kusini, halafu Wakhoisan, halafu Asia Mashariki na Afrika Magharibi au Mashariki. Heese alikuwa juu kidogo lakini hakuwa mbali. Mpwani na Jembe gawaneni hapo.

Kuhusu mnaodhani wababa hawaaminiki: ukoo wa Greeff, ulioanzishwa na Matthias Greeff wa Magdeburg, ulipimwa kromosomu Y ambayo hurithiwa kwa baba peke yake. Watoto ambao si wa baba aliyeandikwa walikuwa chini ya asilimia 1 kwa kila kizazi. Ila kwa Botha hadithi ni nyingine. Mke wa Friedrich, Maria Kickers, alikuwa na mume mwingine rasmi kabla yake, na vipimo vimeonyesha watoto walioanzisha matawi ya Botha hawakuwa na baba mmoja. Kwa hiyo jina Botha kwenye kitambulisho cha mtu halikuhakikishii Friedrich.

Na ugonjwa. Kuna porfiria ya kurithi: ngozi ya mgongo wa kiganja inapata malengelenge ukikaa juani, inachubuka kwa kuguswa tu, halafu mgonjwa akipewa dawa fulani za usingizi anapooza na anaweza kufa. Daktari Geoffrey Dean, aliyefanya kazi Port Elizabeth, aliona wagonjwa wanatokea familia zilezile za Makaburu. Akaanza kuwafuata nyuma, daftari kwa daftari, mkono kwa mkono, mpaka akafika kwa ndoa moja ya 1688: Gerrit Jansz na Ariaantje, mmoja wa wasichana yatima walioletwa kutoka Rotterdam ili waolewe na walowezi. Hao wawili ndio mzizi. Gerrit ndiye wa Deventer, mnaona tena, Jansz na jina la mji. Nasaba pale haikuwa ya kujionyesha. Ilisaidia kujua nani asipewe dawa gani kabla ya upasuaji.

Sergoit, mgeni wako alivaa mikono mirefu? 😄

#20 Sergoit Mmoja
@Daktari alivaa kaptura, na jua la Eldoret halikumfanya kitu.

#21 Kaplong
Mimi sielewi kwa nini tunahangaika na ukoo wa waliotunyang'anya. Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa 1905. Miaka mitatu baadaye watu wanashushwa na mabehewa wanagawiwa uwanda. Na kabla yao Mwingereza alitaka kuwapa Wayahudi ardhi hiyohiyo. Nani amefuatilia ukoo wa waliokuwa wakichunga pale?

#22 Ngarenaro
Ule mpango wa Wayahudi si ulikuwa Uganda?

#23 Kaplong
Uliitwa wa Uganda lakini ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu. Eneo hilo lilikuwa upande wa Uganda hadi 1902 mpaka ulipohamishwa. Ofa ilitolewa 1903, wakaguzi wao wakaja, wakaikataa 1905. Sasa nijibu swali langu.

#24 Mwalimu Kipara
Kaplong swali lako ni halali na linastahili uzi wake. Wamasai wa Uasin Gishu walisambaratishwa na vita vya Wamasai kwa Wamasai katika karne ya 19, Wanandi wakachunga pale, na kabla ya hao wote kuna mashimo ya Wasirikwa, watu wa kale wa nyanda hizo. Ugumu ni kwamba hakuna karani aliyekaa kuwaandika. Hao Makaburu tunaweza kuwajadili hadi mtoto wa nane kwa sababu kampuni ilikuwa inahesabu kila mdomo inaoulisha.

#25 Msimamizi
Ardhi ni uzi mwingine. Tubaki kwenye ukoo.

#26 Mnyakyusa Stellenbosch
Habari zenu. Nasoma huku, nimepitia baadhi ya hizo nyaraka kwa ajili ya tasnifu yangu, kwa hiyo naomba nimsaidie Sergoit kwa vitendo.

Usiamini karatasi wala kitabu cha De Villiers peke yake. Kitabu kina makosa ya kuunganisha watu wawili wenye jina moja, na Nicolaas Janse van Rensburg walikuwa wengi kizazi kimoja. Kila mwana alikuwa na mtoto wake wa kiume aliyeitwa kwa jina la babu yuleyule. Unapata binamu watano, wote Nicolaas, wote wilaya moja, umri unapishana miaka miwili.

Kinachowatenganisha ni mashahidi wa ubatizo. Daftari la kanisa lina tarehe, jina la mtoto, baba, mama, halafu mashahidi. Mashahidi karibu siku zote ni babu na bibi au mashangazi na wajomba. Ukiona mtoto anaitwa Willem na shahidi wa kwanza ni Willem mwingine wa ukoo wa mama, umemjibu Wa Githunguri #8 na Sergoit #9 kwa pamoja. Nyaraka za Kanisa la Uholanzi la Matengenezo ziko hapa Stellenbosch, na picha za nyingi zinapatikana mtandaoni bila malipo.

Pili ni Ofisi ya Yatima. Mtu akifa akiacha watoto wadogo, maofisa walikuja nyumbani wakaandika kila kitu, chumba kwa chumba. Nimesoma moja: kitanda na mapazia yake, sufuria tatu za shaba moja imetoboka, gari la ng'ombe, bunduki, kisha watumwa kwa majina, kisha ng'ombe. Juu kabisa wamewekwa mke na watoto wote na umri wao. Ile orodha ya watoto ndiyo dhahabu. Kuanzia 1834 zinakuja taarifa za kifo zenye wazazi na mahali pa kuzaliwa. Nyingi ziko hifadhi ya Roeland Street, Cape Town, jengo lililokuwa gereza.

Kuhusu Rendsburg, wanasaba wengi wa huku wanaikubali. Lakini kabla hamjasema Ujerumani: wakati wa Claas Ujerumani kama nchi haikuwepo. Rendsburg ulikuwa mji wa ngome chini ya mfalme wa Denmark, na eneo hilo halikutoka mikononi mwa Denmark hadi vita vya 1864.

#27 Kabwela
Kwa hiyo Eldoret imejengwa na Wadenishi. Naondoka.

#28 Jembe Butu
Kabwela kaa. Sasa mna Mholanzi wa Rijnsburg, Mjerumani wa Holstein na Mdenishi wa mfalme. Mimi nasimama palepale, ni Mholanzi wa mkataba. Mkataba wa kampuni ndio cheti chake cha kuzaliwa.

#29 Mama Tatu
Na mabibi 32 walio ndani ya hao 64 je? Mnyakyusa, hao wanawake wa mwanzo wa Van Rensburg wanatoka wapi?

#30 Mnyakyusa Stellenbosch
@Mama Tatu, sitaki kukutajia jina ambalo sijaliona kwa macho kwenye daftari. Ila koo walizokuwa wakioana nazo ni zilezile, Van der Merwe, Prinsloo, Pretorius na wenzao. Chukua Van der Merwe tu: wa kwanza, Willem Schalksz, alitoka Oud-Beijerland karibu na Rotterdam. Huyo ni Mholanzi halisi. Mkewe Elsje Cloete, baba yake alitoka upande wa Cologne. Ndoa moja, nchi mbili. Mwanawe Schalk akaoa Mfaransa, Anna Prevost. Vizazi viwili na hesabu ya asilimia imeshakushinda.

#31 Ngarenaro
Sergoit, familia zilizoshuka na Van Rensburg zilikuwa ngapi? Hapa nasoma 47, pengine nasoma 58.

#32 Sergoit Mmoja
@Ngarenaro nimekutana na zote mbili. Meli ilikuwa Windhuk, ya Kijerumani, walipandia Lourenço Marques wakashukia Mombasa, wakachukua treni hadi Nakuru, halafu mikokoteni ya ng'ombe kupanda uwandani. Walifika Oktoba 1908. Huenda anayesema 58 anahesabu waliojiunga njiani, huenda anahesabu waume wasio na watoto kama familia. Wazee wetu hapa wanasimulia matope ya ile njia kuliko idadi ya watu, maana waliovuta magurudumu ni wao.

#33 Wa Githunguri
Na kanisa lao je? Lilikuwa na daftari.

#34 Sergoit Mmoja
Usharika wao ulianzishwa 1909 na uliitwa Vergenoeg. Wengi waliondoka karibu na Uhuru 1963, wakarudi kusini. Sijui daftari liliondoka nao au la, nitauliza kanisani Jumapili. Nikipata ubatizo wa watoto wa huyo g4, mashahidi watatuambia ni Nicolaas yupi, kama Mnyakyusa alivyosema.

#35 Binti Leiden
Nimerudi. Daftari za mishahara za VOC za karne ya 18 ziko kwenye hifadhi ya taifa The Hague na zinatafutika mtandaoni kwa jina, mji na meli. Kila mtu ana ukurasa: mshahara upande mmoja, upande mwingine deni la sanduku, godoro na pesa alizokopa kwa mwenye nyumba ya wageni kabla ya kupanda meli. Mwisho panaandikwa yaliyompata, amekufa, amerudi, au amebaki Rasi kama raia huru.

Shida ni kwamba Claas Jansz ni wengi mno, na mji unaandikwa Rensburg, Rensborg, Rendsburg, kila karani na mkono wake. Nahitaji jina la meli au mwaka. Mnyakyusa, huko unapata?

#36 Mnyakyusa Stellenbosch
Mwaka naweza kukupa kutoka orodha za kila mwaka za raia huru, ule anaoonekana mara ya kwanza akilipia ng'ombe na mizabibu. Nyuma ya hapo hesabu miaka mitano ya mkataba. Nipe hadi Alhamisi.

#37 Daktari wa Kata
Msisahau kuangalia na waliobaki Rasi lakini wakaazimwa kwa wakulima kama vibarua wa shamba au walimu wa watoto. Hao hawaonekani kwenye orodha ya raia mpaka mkataba wa kuazimwa uishe.

#38 Kabwela
Binti Leiden ukimpata Claas na deni lake la godoro, Sergoit atakulipa kwa mursik, maziwa ya mgando ya kwao. Mimi nataka kujua lile deni alilipa au alikimbilia bara.

#39 Jembe Butu
Alikimbia. Ndiyo maana hamumpati.

#40 Binti Leiden
@Jembe Butu kampuni haikuacha deni hivihivi, ilikata kwenye mshahara miezi ya mwanzo yote. @Sergoit nitumie picha ya karatasi upande wa nyuma pia, kwenye ile uliyoweka naona wino umepenya.